Kijana Amebadilika Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kumfikisha kwa Mshauri na Kuendelea Naye Kama Familia

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi wa Unguja na Pemba mwenye kijana wa miaka 12 hadi 18 aliyebadilika. Haendi skuli, au anaaga kwenda na hafiki. Amekuwa mkali kwa mama yake. Anakesha na simu na kulala mchana. Ameanza bangi au kuberi (tumbaku ya kuweka mdomoni). Au amenyamaza tu, yumo nyumbani kama hayumo.

Familia nyingi zinazoomba ushauri hukwama pale pale. Humpeleka kijana mara moja, tena kwa kumdanganya au kumburura, hukaa nje kumsubiri, kisha baada ya wiki huuliza: "Mbona hajabadilika?" Kikao cha pili hakifanyiki. Mwaka unapita, hali imekuwa nzito zaidi, na kijana keshajifunza kwamba mshauri ni mtu wa kupelekewa wakorofi.

Kijana si baskeli ya kupeleka kwa fundi asubuhi na kuifuata jioni. Akitoka kwa mshauri anarudi kwenye nyumba ile ile, na maneno yale yale yanamsubiri mlangoni. Kwa hiyo kazi ni ya nyumba nzima, na sehemu kubwa ya hatua zilizo hapa chini ni za wazazi.

## Vya kutayarisha kabla ya kuanza

- Daftari dogo na kalamu. Liwekwe mahali ambapo kijana hatalikuta.
- Mtu mzima mmoja ambaye kijana anamheshimu na hamuogopi: ami, mjomba, shangazi, bibi, kaka mkubwa, hata jirani. Humu nitamwita mtu wa kati.
- Kabati au sanduku lenye kufuli.
- Nauli ya safari nne za kwenda na kurudi. Mkitenga ya safari moja mtaishia kikao kimoja.
- Cheti cha kuzaliwa cha kijana, kadi yake ya hospitali, na dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba.
- Namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi: 116, ambayo ni simu ya huduma kwa mtoto na haina malipo, 112 ya dharura, ya sheha wenu, ya mkuu wa skuli au mwalimu wa ushauri nasaha.
- Muda. Hesabuni miezi mitatu kabla ya kusema imefaulu au haikufaulu.

## Hatua ya 1: Ondoa hatari iliyo karibu

Kabla ya jambo jengine lolote, jibu swali hili: je, kijana huyu anaweza kufa au kuumizwa wiki hii?

Kujiua. Sikiliza maneno kama "bora nife", "mtapumzika nikiondoka". Angalia kama anagawa vitu anavyovipenda, kama ana alama za kujikata mikononi au mapajani, kama anavaa mikono mirefu hata katika joto la kaskazi. Ukiona hata dalili moja, muulize waziwazi: "Mwanangu, umefikia kufikiria kujiua?"

Wazazi wengi wanaogopa swali hili, wakidhani litamtia wazo. Halimtii. Linamfungulia mlango wa kusema kitu anachokibeba peke yake.

Akijibu ndiyo, usianze na dhambi wala adhabu ya kaburi. Hayo keshafundishwa chuoni (madrasa), na mara nyingi ndiyo yanayomzidishia kujiona hafai. Mwambie: "Ahsante kwa kuniambia. Sitakuacha peke yako." Kisha usimwache kweli. Mtu mzima alale chumba kimoja naye, na kesho yake asubuhi muwe hospitali. Kama keshapanga namna ya kufanya, au keshafanya, nendeni usiku huo huo.

Siku hiyo hiyo funga kwenye kabati vidonge vyote vya nyumbani, dawa ya panya, dawa za kuulia magugu na wadudu. Sababu ni kwamba hamu ya kujiua mara nyingi hupanda kwa kasi kisha ikashuka, na katika dakika hizo kilicho karibu na mkono ndicho kinachoua. Ukikiweka mbali umempa nafasi ya kuvuka.

*Onyo:* aliyemeza Panadol nyingi anaweza kuonekana mzima siku nzima ya mwanzo huku ini likiharibika. Usimsubiri alale aone kesho. Usimpe maziwa, usimtapishe. Chukua na pakiti tupu, mpeleke hospitali.

Udhalilishaji wa kingono. Kijana aliyebadilika ghafla, hasa anayekataa kwenda kwa mtu fulani au mahali fulani alipokuwa akienda bila tabu, huenda anafanyiwa kitu. Wavulana wanadhalilishwa pia, na wao ndio wanaonyamaza zaidi. Akikueleza, mwamini, usimhoji mara tatu tatu, na umpeleke Kituo cha Mkono kwa Mkono. Kwa Unguja kinachojulikana zaidi ni cha Hospitali ya Mnazi Mmoja, na Pemba kipo Chake Chake. Hapo huduma ya daktari, polisi na ustawi wa jamii zinapatikana pamoja.

Kama tukio ni la karibuni, asioge wala nguo zisifuliwe. Zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba hufaa ndani ya siku 5, kadri mapema ndivyo bora.

Nasema hili kwa msisitizo: msimalizane kifamilia. Sulhu baina ya wazee, kulipana, au kuozesha haraka ili aibu ifunikwe humwacha mtoto na jeraha lake, na humwacha mkosaji huru kwenda kwa mtoto mwengine. Hakuna ushauri nasaha unaofanya kazi kwa kijana anayekutana na aliyemuumiza kwenye kila arusi na kila maziko.

*Umefaulu ukiona:* unajua jibu la swali la mwanzo, na vitu vya hatari vimefungwa.

## Hatua ya 2: Andika unachokiona kwa wiki mbili

Kama hakuna hatari ya haraka, chukua daftari. Kila usiku andika mistari mitatu au minne. Andika tendo, usiandike hukumu. Tofauti ni hii:

Hukumu: "Mkaidi, hana adabu, anajifanya mkubwa."

Tendo: "Jumanne. Ameamka saa nane mchana. Hakula cha mchana. Baba yake aliporudi akaingia chumbani, akafunga mlango. Saa nne usiku katoka kwenda maskani, karudi saa saba, macho mekundu."

Daktari au mshauri hawezi kufanya lolote na neno "mkaidi". Ila ukimwonyesha mistari ile ya pili ataona usingizi, hamu ya kula, jinsi kijana anavyomkwepa mtu mmoja mahususi, na uwezekano wa bangi. Wiki mbili zina maana yake: huzuni iliyodumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi ndiyo inayowafanya wataalamu kuuliza kuhusu ugonjwa wa sonona.

Andika pia nyakati alizokuwa sawa. Alicheka na nani? Alifanya nini bila kuambiwa? Wazazi wengi huruka sehemu hii, nami naiona ndiyo yenye thamani zaidi, kwa sababu inaonyesha pa kuanzia.

Usijiambie bado mdogo, atakua yatamtoka. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na theluthi moja ya matatizo hayo kwa watu wote huanza kabla ya kutimiza miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18.

*Onyo:* usipekue simu yake kwa siri ili kujaza daftari. Akigundua, na watoto hugundua, umepoteza kitu utakachokihitaji katika hatua ya 4. Isipokuwa kama kuna hatari ya kufa au kudhalilishwa. Hapo uhai unatangulia.

## Hatua ya 3: Wakubwa waelewane kwanza, bila ya kijana

Kaeni wazazi wawili na mtu wa kati. Kama mmeachana, kaeni hivyo hivyo. Kama baba yuko Unguja na mama yuko Pemba, ongeeni kwa simu. Kama kijana analelewa na bibi, bibi awepo, kwa sababu yeye ndiye anayejua saa anazorudi.

Mkubaliane mambo matatu tu. Nani atazungumza naye. Nani atampeleka. Na ni jambo gani kila mkubwa ataacha kulifanya kuanzia leo.

Hilo la tatu ndilo gumu. Baba aache kumtolea mfano wa kaka yake aliyefaulu. Mama aache kumpa pesa za siri kila baba akimkatalia. Shangazi aache kuhadithia shida zake kwenye khitma. Kijana ambaye wakubwa wake wanavutana hujifunza kuishi katikati ya mvutano huo, na mshauri atapoteza vikao vitatu kutafuta kitu ambacho nyinyi mngekimaliza kwa saa moja.

*Onyo:* hiki kisigeuke kikao cha ukoo. Nimeona vijana wakiwekwa mkekani mbele ya wazee wanane, kila mmoja akimsema kwa zamu. Kijana hutikisa kichwa, huomba radhi, wazee huondoka wameridhika. Hakuna kilichotatuliwa, na aibu ile haimtoki.

## Hatua ya 4: Mwalike, usimkamate

Hapa ndipo familia nyingi zinapoharibu. Zinamwambia "twende Chake tukanunue viatu" na kijana anajikuta kwenye benchi la kliniki. Ukimdanganya mara ya kwanza, hatakaa mara ya pili.

Chagua wakati ambao mikono ina kazi na macho hayalazimiki kutazamana. Tuseme mama yuko uani anakuna nazi na kijana anamenya muhogo. Anaanza na kitu alichokiona, kisha anasema linalomgusa yeye, kisha anatoa ombi moja:

"Naona siku hizi hulali usiku."

Kimya.

"Sikugombezi, mwanangu. Mimi nina wasiwasi, na mengine najua nimeyafanya vibaya mimi. Nataka tupate mtu wa kutusaidia sisi sote. Utakuja nami mara moja, umwone, kisha uniambie mwenyewe kama anafaa?"

"Mie si mwendawazimu."

"Hasha, wala sijasema hivyo. Nami nitakwenda kuongea naye. Baba yako pia."

Kisha mama anyamaze, aendelee na nazi yake. Kimya cha dakika tano si kukataliwa. Watoto wengi hujibu kesho yake, wakiwa mlangoni wanatoka.

Zingatia alivyosema "kutusaidia sisi". Yale maneno "una matatizo" yamefunga masikio ya vijana wengi mno. Zingatia pia kwamba amempa uamuzi: aje mara moja, kisha atoe maoni yake. Kijana aliyepewa sauti ndogo hurudi kuliko aliyelazimishwa.

Akikataa kabisa, mpe mtu wa kati nafasi baada ya siku tatu nne. Akikataa tena, nendeni wazazi peke yenu. Mshauri mzuri atawapokea, na nyumba inaweza kuanza kubadilika hata kama kijana hajakanyaga ofisini.

*Umefaulu ukiona:* amekubali kwa shingo upande. Usitafute furaha. Shingo upande inatosha.

## Hatua ya 5: Chagua mlango wa kupitia

Skuli. Kama tatizo liko zaidi kwenye masomo, marafiki au kuonewa, anzeni kwa mwalimu wa ushauri nasaha. Ombeni kukutana naye faragha, si kwenye chumba cha walimu wote.

Ustawi wa jamii. Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya hushughulika na ugomvi wa malezi, matunzo, kijana aliyetoroka nyumbani, na mtoto aliyeingia mkononi mwa polisi. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Nam. 6 ya 2011, inamhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo hata jibaba la kidato cha tatu bado lina haki ya ulinzi huo. Sheha anaweza kukuelekezeni kwa afisa huyo. Si lazima umweleze sheha kila kitu. Sema tu mnahitaji ushauri wa familia.

Hospitali. Nendeni huko kama kuna huzuni ndefu, kutolala, kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kifafa, kujidhuru, au madawa ya kulevya. Anzeni na kituo cha afya au hospitali ya wilaya yenu muombe rufaa ya afya ya akili. Kwa Unguja hospitali kuu ya magonjwa ya akili ni Kidongo Chekundu, na hapo hapo tangu 2015 ipo huduma ya methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha, kwa waliokwama kwenye unga (heroini). Najua jina hilo linatisha watu. Wapo wazazi wanaosubiri miaka miwili ili tu jirani asiwaone kwenye geti lile. Kwenda kliniki ya nje ni kuingia, kuzungumza na daktari, kutoka.

Simu 116. Kijana mwenyewe anaweza kupiga. Mwachie namba hiyo bila ya kumsimamia.

### Na kisomo je?

Hakuna familia ya kwetu inayoanza hospitali bila ya kupita kwa ustadh, na sioni sababu ya kuwataka waache. Dua na Qur'ani vinamtuliza kijana na kuwatuliza wazazi, na ustadh mwenye hekima mara nyingi ndiye wa kwanza kusema, "Huyu mpelekeni na hospitali." Fanyeni vyote viwili.

Lakini yapo mambo ya kukataa, hata anayeyafanya akiwa na jina kubwa: kumfunga kamba au minyororo, kumpiga ili "jini litoke", kumfukiza moshi mpaka akose pumzi, kumnyima chakula, kumwingiza binti chumbani peke yake na mganga, na kumwamuru aache vidonge vya daktari. Mganga akitaja lolote kati ya hayo, mchukue mwanao muondoke. Na kijana akianguka na kutetemeka mwili mzima, huenda ni kifafa, ambacho kina dawa.

### Na kumpeleka mbali?

Wengi hufikiria kumhamishia kijana kwa ndugu shamba, kwenye chuo cha bweni, au kwenye soba hausi (nyumba ya kukaa wanaoacha madawa ya kulevya). Wakati mwengine mapumziko kwa bibi Makunduchi au Micheweni yanasaidia kweli, ikiwa kijana amekubali, kuna tarehe ya kurudi, na mzazi anakwenda kumwona. Kumtupa huko kama adhabu hakusaidii. Anarudi baada ya mwaka, mrefu zaidi, mgeni zaidi.

Soba hausi zimewasaidia watu wengi kutoka kwenye unga, nyingi zikiendeshwa na waliopitia wenyewe. Ila ni mahali pa waliotopea kwenye ulevi. Kijana wa miaka 14 aliyekamatwa na bangi mara mbili hafai kulazwa na watu wazima waliotumia unga miaka kumi, atajifunza asiyoyajua. Kabla ya kumpeleka popote pa kulala, uliza: Pamesajiliwa? Wa chini ya miaka 18 wanalala mbali na wakubwa? Daktari anakuja lini? Akikosea anafanywa nini? Naweza kuja bila kutoa taarifa? Jibu la "mzazi haruhusiwi kumwona miezi mitatu" litoshe kukurudisha nyumbani na mwanao.

## Hatua ya 6: Siku ya kikao cha kwanza

Muende mkiwa mmekula. Mfike mapema, mbebe daftari, kadi na dawa.

Kwa kawaida mshauri ataongea nanyi pamoja, kisha atakuombeni mtoke. Tokeni. Ile nusu saa ya kijana peke yake ndiyo moyo wa jambo lote. Atakachosema hapo kitabaki hapo, isipokuwa kama kuna hatari ya yeye kufa, kumuua mtu, au kudhalilishwa. Muulizeni mshauri aueleze mpaka huo mbele ya kijana ili wote msikie.

Kabla ya kuondoka uliza: Unadhani shida ni nini? Sisi nyumbani tufanye nini wiki hii? Tarehe ya kurudi ni ipi? Tarehe iandikwe kwenye kadi. "Mrudi mkiona haja" si tarehe.

*Onyo kubwa:* njiani, kwenye daladala, usimuulize "Kakwambia nini? Wewe umemwambia nini?" Nunua maji, muulize kama ana njaa. Kama atataka kusema, atasema. Swali hilo la kwenye gari limeua vikao vya pili vingi kuliko sababu nyengine yoyote niijuayo.

Akipewa dawa za sonona, fahamu kwamba huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha kazi yake, na mwanzoni kijana huhitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi, kwa kuwa baadhi yao huhangaika au huzidiwa na mawazo ya kujiua siku hizo. Likitokea, rudini kwa daktari msisubiri tarehe. Na zisikatishwe ghafla hata akionekana amepona.

## Hatua ya 7: Kazi ya nyumbani baina ya vikao

Kikao ni saa moja kwa wiki. Zilizobaki ni zenu. Haya manne nimeona yakibeba nyumba nyingi.

Dakika 15 zake. Kila siku mzazi mmoja akae na kijana dakika 15 bila nasaha. Yeye achague: kutazama mpira, kucheza bao, kukaa barazani tu. Marufuku kutaja skuli, sala, au rafiki fulani. Wiki ya kwanza itakuwa nzito, mtakaa kama wageni. Endeleeni.

Sifa iliyo wazi. "Umekuwa mzuri" haina uzito. "Umerudi saa mbili kama tulivyokubaliana, nimefurahi" ina uzito. Anza na jambo dogo ulilolikuta kwenye daftari lako. Kijana aliyesikia lawama peke yake kwa miaka miwili hana sababu ya kujitahidi.

Sheria tatu, si thelathini. Ziandikwe pamoja naye. Mfano: kuwa nyumbani saa tatu usiku, simu zote, na za wazazi pia, zilale sebuleni kuanzia saa nne, hakuna kupiga wala kutukana mtu. Kila sheria iwe na matokeo yanayojulikana mapema, mepesi na ya muda mfupi. Akichelewa leo, kesho hatoki. Basi. Keshokutwa ukurasa mpya.

Fimbo ikae chini. Najua wengi tumelelewa nayo. Lakini kijana wa miaka 15 anayepigwa hujifunza kudanganya vizuri zaidi na kukaa mbali zaidi. Kama ana sonona au amedhalilishwa, kipigo kinathibitisha kile anachojiambia usiku, kwamba hafai. Hasira ikikupanda, toka, katie udhu, zunguka nyumba, rudi baada ya nusu saa umpe matokeo yale mliyokubaliana.

*Umefaulu ukiona:* mabadiliko madogo ambayo mgeni hatayaona. Anakula na wenziwe. Mlango wa chumba hauko wazi, ila haukufungwa kwa ufunguo. Amekujibu kwa sentensi mbili badala ya moja.

## Hatua ya 8: Kumrudisha skuli na chuo

Usimrudishe kwa kishindo. Mzazi atangulie, aonane na mkuu wa skuli, aseme kijana alikuwa mgonjwa na anatibiwa. Hilo linatosha, jina la ugonjwa ni lake mwenyewe kulisema. Ombeni mambo mawili: aanze kwa nusu siku kwa wiki ya mwanzo, na awepo mwalimu mmoja anayeweza kumwendea akizidiwa. Kwa chuoni fanyeni vivyo hivyo na ustadh, hasa kuhusu kuchapwa mbele ya wenziwe.

## Hatua ya 9: Akirudi nyuma

Atarudi nyuma. Karibu wote hurudi, mara nyingi baada ya wiki kadhaa nzuri: atavuta tena, atalala nje, atatukana. Familia husema "kazi bure", na hapo hapo huacha vikao.

Pangeni mapema, yeye akiwa mtulivu, muandike kwenye karatasi moja: dalili zangu za kuanza kuharibika ni hizi, nikifika hapo niachwe kwa nusu saa, mtu wa kumpigia ni fulani, mzazi asifanye hiki. Karatasi ibandikwe ndani ya kabati lake. Akiteleza, rudini kwenye karatasi na mwombeni mshauri akupeni tarehe ya karibu zaidi. Rudia pia hatua ya 1, kila mara, kwa sababu hatari inaweza kuwa imerudi bila kupiga hodi.

Kama vikao vinne vimepita na kijana bado hamwamini mshauri, muulizeni yeye sababu. Binti anaweza kutaka mwanamke. Mwengine anaogopa kwa kuwa mshauri ni jirani au ni jamaa, jambo la kawaida kwenye visiwa vyetu. Kubadilisha mshauri si utovu wa shukrani. Mwambieni kwa adabu naye atakupeni rufaa.

## Lini kupunguza vikao

Msiache kwa ghafla mara tu nyumba ikitulia. Kijana akiwa amelala vizuri, anahudhuria skuli, na hajajidhuru kwa miezi miwili mfululizo, muulizeni mshauri kama mnaweza kwenda kila baada ya wiki mbili, kisha mara moja kwa mwezi. Wekeni kikao kimoja karibu na vipindi vinavyomtikisa: wiki za mitihani, mzazi anaposafiri, mwezi aliofiwa. Daftari liendelee hadi kikao cha mwisho, na siku hiyo, kama kijana atapenda, msomeeni yale mliyoandika kuhusu nyakati alizokuwa sawa.